Bili ya Ukweli Analipa Nani?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane swali moja lisilo na maksi: je, mtu mwenye shida anaruhusiwa kumdanganya mwenye duka? Usikimbilie kujibu "hapana" kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Swali hili ni jepesi mpaka limkute mtu unayemjua.

Lilimkuta mshikaji wangu hapa Bombambili, Songea, mwaka jana, katika ile baridi ya Juni ambayo kila mtu hutembea na kikombe mkononi. Anasoma chuo. Mama yake aliuza mahindi, gunia kwa gunia, mpaka laptopu ikapatikana. Haikufikisha miezi minne, chai yenye sukari ikamwagikia kibodi, mashine ikazimika. Jioni akaja kwangu na risiti. "Wewe si ndiyo mwandishi? Niandikie barua ya dukani. Sema ilizimika yenyewe. Waranti ni ya mwaka mzima."

Nikamwambia chai haimo kwenye waranti. Waranti ni ahadi ya kiwanda kuhusu makosa ya kiwanda: betri mbovu tangu mwanzo, waya uliounganishwa vibaya. Kumwagikiwa ni ajali ya mtumiaji, na kwa kawaida karatasi ya waranti huitenga, kwa yale maandishi madogo madogo. Tena baadhi ya viwanda vimejihami: ndani ya mashine hubandika vistika vyeupe ambavyo vikiguswa na maji hugeuka vyekundu.

Akanijibu neno ambalo bado limenikaa kooni: "Sawa bwana. Ukweli ni wako, bili ni ya mama yangu."

Tumpime kwa haki. Hata vile vistika vimewahi kuleta kesi huko Marekani. Wateja walidai kwamba unyevu wa hewa peke yake unaweza kuvigeuza rangi, na mwaka 2013 kampuni ya Apple ilikubali kulipa dola milioni 53 kumaliza kesi ya wenye iPhone na iPod touch walionyimwa waranti, bila kukiri kosa. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini muuzaji anakwambia "waranti mwaka mzima, usiwe na wasi", neno chai halitaji. Halafu duka lina hela, mama ana jembe.

Hoja nzito hizo, sikatai. Ila kama kistika kinasingizia, silaha ya mteja ni ukweli wake: hakukuwa na maji, nasimama hapa nadai haki. Sisi chai ilikuwepo. Na anayepokea barua ile si tajiri mwenyewe, ni kijana wa kaunta, mtafuta riziki kama sisi. Isitoshe, tunaojifunza kuandika tusijifiche nyuma ya neno "kubuni". Msomaji wa riwaya anajua anasoma hadithi. Yule wa kaunta hajui.

Halafu kuna mashine yenyewe. Kinachoiua zaidi ni umeme kupita kwenye madabodi iliyolowa, na mabaki ya sukari na chumvi yanayosaidia kutu kula shaba taratibu. Ndiyo maana ikimwagikiwa unazima papo hapo, unachomoa chaja, unaiinamisha maji yatoke, unampelekea fundi atoe betri na kuosha madabodi kwa spiriti. Habari ya kuifukia kwenye mchele haiondoi sukari. Sasa mwambie fundi "ilizimika yenyewe". Cha kwanza ataichomeka kwenye umeme aijaribu, na hapo inaweza kuungua moja kwa moja. Na duka likiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa basi, ukisubiri majibu ya barua ya uongo kutu inaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo barua sikuandika. Lakini lile neno la bili halikuwa la kupuuza. Sisi watu wa hapa tunachangia harusi za watu ambao hata sura zao hatuzikumbuki. Vipi tumhubirie mwenzetu ukweli, kisha tumwache nao peke yake kwa fundi? Tukakaa washikaji sita, kila mtu akatoa alichokuwa nacho. Fundi akaelezwa yote, hadi vijiko vya sukari. Akaosha madabodi, akabadilisha kibodi, mashine ikawaka. Mchango haukutosha, mama aliuza gunia moja tena. Ila lilikuwa moja.

Tumezoea kuusifu ukweli kana kwamba unagawiwa bure. Una bei, jamani, na mara nyingi anayedaiwa ni yule asiyekuwa nacho. Sisemi uongo wa maskini ni halali. Nasema anayemtaka mwenzake aseme kweli na aingize mkono mfukoni. Siku ukimsikia mtu anadanganya kwa shida, kabla hujamhukumu jiulize: angesema kweli, nani angemsaidia kulipa? Kama jibu ni "hakuna", basi ule uongo si wake peke yake.

Wewe, ndugu msomaji mwenye kalamu, ungeletewa ile risiti ungeandika nini?