Safari ya Baba, Maisha ya Mtoto

Kila mzazi humpeleka mtoto wake mahali ambapo mtoto mwenyewe hakupachagua. Baba akipata kazi mjini, watoto wanafunga mizigo. Mwalimu akihamishiwa shule ya mbali, watoto wake wanaacha rafiki zao na kumfuata. Hakuna anayewauliza kama wanataka. Wala hatushangai, kwa kuwa mtoto hawezi kujilea mwenyewe. Lakini ndani ya jambo hili la kila siku limo swali gumu: mzazi ana ruhusa ya kumchukua mtoto mpaka wapi katika safari aliyoitamani yeye mwenyewe?

Ili tulione swali hili vizuri, tuwatazame watu ambao nyumba yao yenyewe ni safari.

Nyumba inayoelea

Katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand wako wazazi wanaouza nyumba na kuacha kazi, wakanunua mashua kubwa yenye matanga, wakaondoka pamoja na watoto wao kuzunguka bahari za dunia. Wengine hukaa baharini mwaka mmoja, wengine miaka mingi. Hawa si wavuvi wala wachuuzi. Hawaendi kutafuta mali. Wanataka kuona dunia na kukaa pamoja.

Mashua ya namna hii huwa na urefu wa mita kumi au kumi na tano hivi. Ndani mna vitanda vyembamba, meza moja, jiko dogo na matangi ya maji. Wasafiri hufuata majira ya pepo. Anayetoka visiwa vya Canary kwenda visiwa vya Karibi kwa kawaida huondoka mwezi wa Novemba au Desemba, wakati tufani kubwa zimekwisha na upepo wa mashariki unavuma sawasawa. Njia ile ni kilometa 5,000 hivi, na yachukua kama majuma matatu. Siku zote hizo mtoto haoni mti, wala njia, wala mtu mwingine ila wale waliomo chomboni.

Kila siku ina kazi yake. Maji ya kunywa hupimwa kwa uangalifu, na mara nyingi watu huoga kwa maji ya chumvi. Usiku wakubwa hukesha kwa zamu, wasije wakagongwa na meli. Mtoto mdogo akitaka kupanda juu, huvikwa koti la kuelea na kufungwa kamba, maana akianguka majini usiku ni vigumu sana kumwona tena. Asubuhi meza ya chakula inageuka kuwa meza ya masomo, na mama au baba ndiye mwalimu. Zamani masomo yalitoka katika shule zinazofundisha kwa barua, na majibu ya mwanafunzi yalitumwa kwa posta kutoka bandari hata bandari. Siku hizi wengi hutumia intaneti inayopita katika satelaiti.

Tusiseme upesi kwamba maisha haya ni mabaya. Mtoto wa mashua hujua kufunga fundo lisilofunguka katika dhoruba. Hujua kujaa na kupwa kwa maji, na si kwa kukariri kitabu: chombo kilichokwama mchangani kimemfundisha. Huzoea watu wa lugha nyingi na desturi nyingi, asiwaogope. Tena baba na mama yu karibu nao mchana na usiku. Ni watoto wangapi wa mijini wanaopata wazazi wao namna hiyo?

Lakini mtoto huyohuyo hawezi kutoka nje ya nyumba akakimbia. Hawezi kukasirika akaenda kwa bibi mpaka hasira ipoe. Akipata rafiki bandarini, juma lijalo nanga inang'olewa, na rafiki anabaki pale gatini akipunga mkono.

Msichana aliyeahidiwa miaka mitatu

Mwaka 1976 Mwingereza mmoja, jina lake Gordon Cook, aliondoka Uingereza pamoja na mke wake na watoto wawili katika mashua iliyoitwa Wavewalker. Alitaka kufuata njia ya Kapteni James Cook, yule baharia mashuhuri wa karne ya 18. Binti yake Suzanne alikuwa na umri wa miaka saba. Aliambiwa kwamba safari itadumu miaka mitatu. Ilidumu miaka kumi.

Binti huyo, ambaye sasa anaitwa Suzanne Heywood, amesimulia maisha yale katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2023. Katika Bahari ya Hindi, upande wa kusini kabisa, wimbi kubwa lilikipiga chombo chao. Msichana alivunjika fuvu la kichwa. Walipofika katika kisiwa kidogo cha Amsterdam, ambako Wafaransa wana kituo, daktari alimpasua kichwa mara kadhaa bila dawa ya kuondoa maumivu. Alipona, na safari ikaendelea.

Lakini katika masimulizi yake, jeraha la kichwa silo lililomwumiza kupita yote. Kilichomwumiza ni kunyimwa shule na rafiki. Alitamani kusoma kama mwenye njaa anavyotamani chakula. Alijiandikisha katika shule ya barua ya Queensland, Australia, akawa anajificha katika kona za mashua ili afanye masomo yake. Alipokuwa na miaka kumi na sita, yeye na mdogo wake waliachwa New Zealand, katika nyumba ndogo kando ya ziwa, wazazi wakaenda baharini tena. Akapika, akamtunza ndugu yake, akasoma peke yake, akaandika barua kwa vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpokea.

Labda mtu atasema: "Tazama, alifika Oxford! Basi bahari haikumharibu." Jibu hili halitoshi. Elimu ile hakupewa, aliipigania. Mbegu ikiota juu ya mwamba, tunaisifu mbegu, hatuusifu mwamba. Nani atatuhesabia watoto wengine ambao hawakuwa na nguvu za kupigana hivyo?

Hatari ya lazima na hatari ya kutaka

Wengine watasema kwamba kosa la wazazi hawa ni kuwatia watoto katika hatari. Tulipime neno hili.

Mwaka 1971 Dougal Robertson, mkulima wa Uingereza aliyekuwa baharia zamani, aliuza shamba lake akaondoka na jamaa yake katika mashua Lucette. Mwezi wa Juni 1972, magharibi ya visiwa vya Galápagos, nyangumi wauaji waliitoboa, ikazama kwa dakika chache. Watu sita, pamoja na watoto mapacha wadogo, walibaki katika boya la kuokolea na kimashua. Siku 38 waliishi kwa maji ya mvua, samaki, na nyama na damu ya kasa, mpaka wavuvi wa Japani wakawaokoa. Mama yao alikuwa muuguzi, na ujuzi wake uliwasaidia wote kubaki wazima.

Je, tumhukumu baba yule kwa sababu ya nyangumi? Hata nchi kavu ina hatari zake: barabara, moto, nyoka, maradhi. Hakuna mzazi awezaye kumfungia mtoto nje ya hatari zote. Lakini hatari si zote sawa. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika anayekwenda na mwanawe ziwani usiku hufanya hivyo kwa kuwa nyumbani wanataka kula. Msafiri wa mashua angeweza kubaki nyumbani. Njaa haikumsukuma, aliitaka safari. Haki anayo ya kuitaka, lakini deni lake kwa mtoto ni kubwa zaidi, kwa sababu mtoto anailipa gharama ya tamaa isiyo yake.

Neno la nani litasikilizwa?

Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema kwamba wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Ni neno zuri. Linaizuia serikali isijifanye baba wa kila mtu. Lakini Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989 yanaongeza neno la pili: mtoto awezaye kuwa na fikira zake ana haki ya kuzisema katika mambo yanayomhusu, nazo zipimwe kwa kadiri ya umri wake na akili yake. Maneno haya mawili hayapigani. La kwanza linampa mzazi usukani. La pili linamkumbusha kwamba chomboni yumo mtu mwingine.

Kusikiliza si kutii. Laura Dekker alizaliwa mwaka 1995 huko New Zealand, wazazi wake wakiwa katika safari ya mashua, na miaka yake ya kwanza ilipita baharini. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu tu alitangaza kwamba ataizunguka dunia peke yake. Mwaka 2009 mahakama ya Uholanzi ilimzuia na kumweka chini ya uangalizi wa watunzaji wa watoto. Akajifunza zaidi, akatayarisha chombo kikubwa kuliko cha kwanza. Mwezi wa Julai 2010 mahakama ikaondoa uangalizi ule. Alianza kuzunguka kutoka Sint Maarten Januari 2011, akarudi palepale tarehe 21 Januari 2012, akiwa na miaka kumi na sita. Wengi waliona kwamba hata hivyo alikuwa mdogo mno, na hoja yao ina uzito. Lakini angalia lililotendeka: wakubwa hawakusema "ndiyo" upesi, wala hawakuziba masikio. Walisikia, wakazuia, wakangoja, wakapima tena.

Mambo matatu

Basi yampasa nini mzazi anayetaka kumchukua mtoto katika safari yake?

Kwanza, asimpunje mahitaji ya kukua: usalama kadiri iwezekanavyo, masomo ya kweli, na rafiki wa rika lake. Upendo wa wazazi haushiki mahali pa rafiki.

Pili, ashike ahadi. Aliyesema miaka mitatu asiifanye kumi bila kumwuliza mtoto. Miaka mitatu ya mtu mzima ni kipande cha maisha. Miaka kumi ya mtoto ni utoto wote, na hakuna bandari ambapo mtu aweza kuununua tena.

Tatu, aache mlango wazi. Hapa ndipo kipimo kilipo, kwa maoni yangu. Tusiulize tu, "Je, mtoto amefurahi leo?" Mtoto hufurahi na kununa mara kumi kwa siku. Tuulize: "Siku mtoto atakaposema kwa moyo wake wote, 'Inatosha,' je, yuko mtu katika chombo hiki atakayefikiri kugeuza usukani?" Mahali ambapo mtu huyo yuko, bahari ni shule nzuri sana. Mahali ambapo hayuko, mashua iliyo nzuri kabisa ni kifungo, ingawa matanga yake ni meupe.

Kipimo hiki hakiwahusu wenye mashua peke yao. Yuko baba aliyekwisha amua, mtoto angali mgongoni, kwamba huyu atakuwa daktari. Yuko mama anayemzuia binti shuleni kwa sababu kazi za nyumbani ni nyingi. Hao hawajaiona bahari kamwe, lakini nao wamempandisha mtoto katika safari yao. Methali yasema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli. Lakini tunayemlea si mzigo wetu. Ni msafiri ambaye njia yake itaendelea tukiisha kushuka sisi. Leo jioni, kabla ya kulala, mwulize mwanao neno moja juu ya maisha uliyomchagulia, kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.