Mgonjwa Si Mhalifu

Kwenye foleni ya kupima majani chai, Litein au Sotik, mchumaji akilalamikia mgongo, wenzake humtua kikapu na kumhimiza aende hospitali. Akisema hapati usingizi na anasikia sauti, minong'ono ya laana ya ukoo huanza papo hapo. Inaumiza sana. Hata sheria ilituunga mkono katika kumhukumu mgonjwa wa akili: hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, aliyejaribu kujiua angeweza kufungwa hadi miaka 2. Sheria imebadilika, lakini ndimi zetu bado. Ndugu yangu, mtu wako akianza kujitenga, usimfiche chumbani kwa kuogopa majirani. Mpeleke hospitali ya Longisa, Kapkatet au Kericho mapema, nawe umsindikize.