Lenzi ya Kale, Kamera Mpya

Asubuhi hii niwaze nawe kuhusu Helios 44-2, lenzi ya milimita 58 iliyoundwa Umoja wa Kisovyeti kwa kufuata Biotar ya Zeiss, Ujerumani. Haina mota wala chipu. Hata hivyo, kamera ya leo isiyo na kioo cha ndani inaipokea vizuri. Lenzi hiyo ya kufunga kwa skrubu ilihitaji milimita 45 na ushei hadi kwenye filamu, kwa kuwa kioo cha kamera za zamani kilihitaji nafasi ya kujiinua. Sony A7 ya mwaka 2013, isiyo na kioo hicho, inataka 18 tu. Pengo hujazwa na adapta, pete ya chuma iliyo tupu.

Kazi inayobaki, ya kulenga, ni ya vidole. Unazungusha pete ya lenzi polepole, kamera inapaka rangi kingo zilizokaa sawa, na nyuma majani yanazunguka kama maji yaliyokorogwa. Mtoto anayekimbia atakuponyoka, usijidanganye. Mzee aliyetulia barazani ndiye saizi yake.

Kama baba aliacha lenzi kabatini, imulike kwa tochi uangalie kuvu. Ikiwa safi, usiiuze kabla hujaijaribu.