Udongo Usiofinyangwa

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Methali hii huwahimiza wazazi kuwafunza watoto adabu mapema. Lakini, msomaji, yuko mtoto aliyetenganishwa na mzazi wake angali mchanga, kwa kifo, kwa vita au kwa kazi ya mbali. Je, moyo wake umekwisha kukauka?

Mtoto mchanga hajui maana ya safari wala mauti. Ajua tu kwamba aliita na hakuitikwa. Aitikwaye kila siku hujifunza kuamini. Asiyeitikwa hujifunza kunyamaza. Watu huudhania ukimya huo kuwa utulivu, kumbe ni kukata tamaa. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto ahitaji upendo wa kudumu wa mama, au wa mtu ashikaye nafasi yake daima.

Ushahidi ulipatikana Romania. Serikali ya Ceaușescu ilipoanguka mwaka 1989, dunia iliona maelfu ya watoto katika nyumba za mayatima, wengi wao wakiwa na wazazi hai. Walezi walipokezana zamu, na hapana mtoto aliyeweza kusema, “Huyu ni wangu.” Tangu mwaka 2000, mjini Bucharest, wataalamu waliwachunguza watoto 136. Nusu yao, kwa kura, walipewa familia za kuwalea. Hao walionyesha furaha zaidi kuliko wenzao, na waliopata mlezi kabla ya kutimiza miaka 2 ndio walioweza zaidi kumtegemea kwa imani.

Basi methali ina kweli: kuwahi ni bora. Lakini mtu si chungu. Chungu kikichomwa hakifinyangwi tena. Moyo waweza kulainika kwa mtu asiyeondoka. Ndiyo maana nyanya au shangazi aleaye mtoto asiye wake hufanya kazi kubwa kuliko aonavyo mwenyewe.

Wewe nawe una wajibu. Mwenzako darasani akiwa mwepesi wa hasira, au akikataa urafiki kabla hajakataliwa, usiharakishe kumwita mwenye kiburi. Yamkini anajilinda. Usimwahidi usiloliweza, maana kwake ahadi iliyovunjwa ni kuachwa mara ya pili. Na ikiwa mtoto huyo ndiwe, jua ya kuwa hukuachwa kwa kukosa thamani. Mkono ukinyoshwa kwako kwa wema, ujaribu kuushika.