Ukuta Uliotaka Kuanguka: Haki ya Mzee na Nyumba Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia nguvu za ujana kuwa amana ya kurejeshwa, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Na ijulikane, ewe ndugu, ya kuwa kutengeneza nyumba iliyochakaa si kazi duni ya mafundi tu wala si habari ya dunia peke yake. Imetajwa ndani ya Kurani, katika Suratul Kahf. Nabii Musa (a.s.) alifuatana na Khidhri mpaka wakafika katika mji mmoja, wakawaomba wenyeji chakula, nao wakakataa kuwapokea. Mumo humo mlikuwa na ukuta uliokuwa unataka kuanguka, Khidhri akausimamisha. Musa akastaajabu, maana watu wale waliwanyima hata tonge, akasema kuwa lau angependa angechukua ujira. Baadaye akaelezwa kuwa ukuta ule ni wa mayatima wawili, na chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Basi tazama: ukuta ulitengenezwa kwa ajili ya wasio na nguvu ya kuutengeneza, katika mji ambao watu wake hawakustahili wema wowote. Ubahili wa mji haukuwaondolea wanyonge haki yao.

Na Nabii Musa huyo huyo, katika Suratul Qasas, alipofika kwenye maji ya Madyani aliwakuta wanawake wawili wamezuia mifugo yao kando, wanangoja wachungaji wanaume waondoke. Walipoulizwa, udhuru wao ulikuwa mmoja, kwamba baba yao ni mzee mkongwe. Hapakuhitajiwa ushahidi mwingine. Akawanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini. Alikuwa mgeni, mkimbizi, mwenye njaa, naye hakusema kuwa habari ya mzee huyo inawahusu watu wa Madyani.

Na ufanywe mfano ulio karibu, upate kufahamika. Mtu alizaliwa Pangani, akapanda bara ujanani mwake kutafuta riziki, akapata kazi ya miti huko Olmotonyi, upande wa magharibi wa mlima Meru, mahali palipo na Chuo cha Misitu, juu ya Ngaramtoni. Akaoa huko, akajenga nyumba ya miti na udongo, akazaa. Watoto wakakua, wakashuka pwani, mmoja Tanga na mmoja Mombasa, wakafungua maduka. Mke akafa. Mzee akabaki na umri wa miaka sabini na zaidi, na bati zilizoliwa na kutu, na mwezi wa Machi umekaribia. Aliyezoea joto la pwani hajui baridi ya masika chini ya mlima ule. Maji yanapopenya usiku juu ya kitanda cha mzee, hapati pa kukihamishia, wala hana mkono wa kukihamisha. Swali ni hili: nyumba ile ni juu ya nani?

Wa kwanza ni mtoto. Imamu Nawawi katika Minhaji, nacho ni kitabu kilichosomwa na masheikh wa pwani hii kizazi baada ya kizazi, amebainisha kuwa nafaka ya mzazi fukara ni wajibu juu ya mtoto, ikiwa mtoto anacho kilichozidi chakula chake na cha watu wake kwa siku ile. Na nafaka si unga peke yake. Ni chakula, na nguo, na makazi yanayomfaa mtu kama yeye; na akihitaji wa kumtumikia kwa sababu ya ugonjwa au ukongwe, hilo nalo limo. Watoto walio sawa kwa ukaribu hushirikiana, wala wa Tanga hawezi kumngoja wa Mombasa. Tena wajibu huu hauondolewi na tofauti ya dini. Kijana wa Kiarusha aliyesilimu, na baba yake angali katika dini yake ya zamani, bado ana deni la nafaka kwa baba huyo, na anayemfundisha kwamba Uislamu umemkata na mzazi wake amemfundisha uongo.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Madhehebu ya Shafi yasema kuwa nafaka ya jamaa, wakati wake ukipita bila kutolewa, huanguka, wala haiwi deni la kudaiwa ila kadhi akiwa ameikata. Mjinga akisikia haya hufurahi. Lakini kilichoanguka ni madai ya mbele ya kadhi, dhambi ya mwenye uwezo aliyezuia haikuanguka. Na ni kwa nini haidaiwi? Kwa kuwa nafaka hii imewekwa ili kuondoa haja ya wakati wake, na haja iliyokwisha kupita haizibiki kwa fedha ya leo. Masika yaliyomnyeshea mzee mwaka jana hayarudishwi kwa bati za mwaka huu.

Wako na wanaofanya hila nyingine. Mwezi wa Ramadhani hufungua daftari la duka, wakakata zaka, wakampelekea baba, wakaona wamepiga ndege wawili. Hili halisihi. Mtu ambaye nafaka yake ni juu yako huwezi kumpa zaka yako kwa fungu la mafukara, maana umejilipia deni lako mwenyewe. Tena, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu, zaka ya Tanga ni ya mafukara wa Tanga, haihamishwi, ingawa wako wanavyuoni wa baadaye walioruhusu. Ama jirani wa Olmotonyi asiyekuwa mwanawe, na zaka yake imepasa huko huko, huyo amemwona mzee wa kumpa, ikiwa wanawe hawampi cha kumtosha. Wala mtu asiseme, "Mzee yule ana nyumba, si fukara." Nyumba anayoikaa mtu haimtoi katika ufukara, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika Minhaji.

Ikiwa hapana mtoto wala jamaa, haki hurudi kwenye Baitulmali, na isipokuwapo ni faradhi ya kutosheleza juu ya wenye nafasi, wakiacha wote wamepata dhambi wote. Katika nchi hii mzigo mwingine umechukuliwa na serikali, na yafaa watu wa msikitini waujue, kwani asiyeijua haki ya mzee hawezi kumtetea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu kuwa mzee kila aliyefika miaka 60, na halmashauri zikaagizwa kuwatambua wazee wasiojiweza na kuwapa vitambulisho vya kutibiwa bila malipo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, uliundwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ukaanzishiwa mpango wa kunusuru kaya masikini kwa ruzuku ya fedha. Na wazee wengi waliopata fedha ile waliiweka kidogo kidogo mpaka ikawa bati. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 alipewa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini, na baadaye ikaongezwa hata kufikia 50,000. Bara haikuwekwa pensheni ya namna hiyo.

Liko na fungu lingine la halmashauri. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mzee hakutajwa humo kwa uzee wake, na hata lau angetajwa, mkopo ni wa mwenye mkono wa kurejesha. Mwenye miaka sabini na mitano akikopeshwa bati ameongezewa mzigo juu ya dari mbovu. Anachohitaji ni kupewa, na wazee wa kijiji na madiwani wana haki ya kulisema hilo katika vikao vya bajeti bila ya kuogopa wala kutukana.

Na sasa lililo zito kuliko yote. Katika mpango wa kaya masikini, majina hutajwa kwanza na wanakijiji wenyewe katika mkutano. Basi mkutano ule, ewe ndugu, ni mahali pa kutoa ushahidi, ingawa umekaliwa chini ya mti na hapana kadhi. Anayetaja jina la binamu yake mwenye shamba na ng'ombe, akanyamaza juu ya mjane anayelala chini ya nyasi zilizooza, ametoa ushahidi wa uongo kwa ulimi na ameuficha wa kweli kwa kunyamaza. Mzee wa mfano ule ni mgeni, hana ukoo Olmotonyi, wala hawezi kuteremka kilima kufika mkutanoni. Nani atamtaja? Waislamu wa hapo wakiondoka mkutanoni kwa kusema hayo ni mambo ya serikali, wamekiacha kiti chao kwa mwenye tamaa.

Wala wasitaje wazee wao tu. Abu Yusuf katika Kitabu cha Kharaji amesimulia kuwa Sayyidna Umar alimwona kipofu mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni. Alipojua kuwa uzee na haja na kodi ndivyo vilivyomfikisha hapo, alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa, kisha akamwagiza mweka hazina amtazame yeye na walio kama yeye, akaona si insafu kula ujana wa mtu na kumtupa uzeeni. Pale Olmotonyi wazee wengi ni Wakristo, na ujana wao uliishia katika mashamba na misitu ile ile. Msikiti ukiwataja na hao, umefuata sunna ya Umar.

Imeulizwa: mzee akipata ruzuku, je, mtoto amepumzika? Jawabu ni kuwa kilichomtosha mzee kimepunguza kiasi chake katika wajibu wa mtoto, na kilichopungua kingali juu yake. Ama mtoto mwenye uwezo anayezuia mkono wake makusudi ili baba aonekane fukara na kuandikwa, huyo amemdhulumu baba yake, na amemdhulumu yule aliyekuwa aandikwe mahali pake.

Na imeulizwa juu ya fundi aliyeezeka nyumba ya mzee kwa fedha ya halmashauri au ya msikiti, je, ujira wake ni halali? Ni halali, Musa alipoutaja ujira wa ukuta hakuambiwa kuwa ni haramu, na Khidhri aliacha kwa hiari yake. Lakini bati alizoandikiwa mzee zikiwa ishirini, na zilizopigwa misumari ni kumi na sita, basi zile nne si ujira. Ni mali ya mzee, nazo zitarudishwa juu ya nyumba yake kabla ya mvua.