KUTEMBEA KWA KUTAZAMA: JE, NI ISRAFU?



Ndugu zetu wanaohudhuria darsa zetu watakumbuka kuwa miaka mitatu iliyopita, usiku wa kuamkia Jumapili, aliinuka mmoja katika jamaa zetu, mfanya kazi wa bandarini, akauliza suali. Alisema kuwa likizo ya watoto imekaribia, na mkewe na wanawe wamemuomba awapeleke Tsavo wakaone wanyama, na mamake naye, bibi wa miaka sabini na kitu, ameomba achukuliwe. Pesa anazo, hakukopa. Lakini kaka yake mkubwa amemkataza, amemwambia kuwa hiyo ni israfu, na kuwa kutoka nyumbani kwenda kutazama ndovu ni desturi ya Wazungu, sisi hatukuzaliwa nayo. Je, sharia yasemaje?

Nilimjibu papo hapo. Nilimwambia kuwa wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi, katika mlango wa sala ya msafiri, wamelijadili jambo hili, na wako waliosema kuwa mtu anayesafiri kwa kutaka kuona miji tu, bila ya haja nyengine, hana kusudi la kutosha, wala hapati ruhusa ya kupunguza sala. Kisha nikamwambia pesa hizo azitoe sadaka, au amlipie yatima ada ya madrasa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Yule bwana akasema, "Ahsante, Sheikh," akakaa kitako. Hakwenda Tsavo.

Nayaandika haya kwa sababu jibu lile lilikuwa na makosa. Nililitoa mbele ya watu, basi yanipasa nilirudi mbele ya watu.

Kosa la kwanza ni la elimu. Mlango ule wa vitabu vyetu wazungumza juu ya ruhusa: ni nani apunguze rakaa nne ziwe mbili, na ni nani asipunguze. Kunyimwa ruhusa si kuharamishiwa safari. Anayetoka Kibokoni kwenda sokoni Kongowea hapunguzi sala, wala hajapata kutokea mtu akasema kuwa kwenda Kongowea ni haramu. Tena wanavyuoni hao hao wametenganisha baina ya mtu anayezurura bila ya kujua aendako, na mtu anayekwenda mahali maalumu kuiburudisha nafsi yake, na huyu wa pili wako waliomhisabu kuwa ana kusudi sahihi. Mimi nilishika nusu ya mas-ala nikaiacha nusu ya pili. Mwanafunzi akifanya hivyo mbele yangu humrudisha nyuma ukurasa mzima.

Kosa la pili ni la mizani. Israfu ni kutoa mali pasipo na manufaa, au kupita kipimo penye manufaa. Haya, tupime kwa mizani hiyo, lakini tuwe waadilifu. Katika mji wetu harusi moja yaweza kula mapato ya mwaka mzima ya mtu wa wastani. Ziko siku za sherehe zinazofuatana, ziko sare za nguo zinazovaliwa usiku mmoja zikatiwa sandukuni, liko pilau linalobakia katika masinia likamwagwa. Na mimi nimekaa katika harusi hizo, nimesoma khutba ya nikaha, nimekula nikashiba, nikarudi nyumbani nisitoe hata neno moja juu ya israfu. Lakini alipokuja mtu anayetaka kukodi gari siku mbili awatoe watu wake wakaone alivyoumba Mola wao, nikawa mkali. Nimejichunguza kwa nini. Sikuona sababu ila hii: harusi ni mazoea yetu, na Tsavo si mazoea yetu. Na mazoea si hoja ya sharia. Sisi wenyewe katika jarida hili hatuchoki kuwaambia watu hivyo.

Ama hilo la desturi ya Wazungu, ni kweli kuwa waliotia mipaka ya Tsavo mwaka 1948 walikuwa watawala wa kikoloni, na kwa miaka mingi waliopita katika milango yake aghlabu walikuwa wageni kutoka nchi za mbali. Lakini ndovu hakuumbwa na Wazungu. Qur'ani yatuamrisha, katika Sura ya Al-Ankabut na penginepo, tutembee katika ardhi tuangalie jinsi uumbaji ulivyoanza. Na katika Al-Ghashiya twaulizwa kwa nini hatumtazami ngamia. Waarabu waliulizwa juu ya mnyama waliyekuwa naye kila siku. Sisi ambao ndovu wetu yuko mwendo wa saa tatu au nne kwa gari, tutaulizwa juu ya nani?

Liko na jambo la wanawake wetu, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Wanaume wa pwani hawajapata kukosa safari. Wamekwenda na majahazi, wamekwenda na misafara ya bara, leo wanakwenda Dubai na Guangzhou kuleta bidhaa. Wake zao na mama zao wamekaa ndani wakingojea khabari. Na hali twajua kuwa Bwana Mtume (S.A.W.), siku ya Idi, alimsimamishia Sayyida Aisha nyuma yake, akamsitiri kwa nguo yake, akitazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, wala hakumwondoa mpaka yeye mwenyewe alipochoka. Hakumwambia hiyo ni israfu ya wakati.

Haya yote nilikuwa nayasoma na kuyasomesha. Sikuyaunganisha na suali la yule bwana mpaka mwaka jana, aliponiuliza binti yangu wa miaka kumi na miwili, tulipokuwa twasoma tafsiri ya Al-Ghashiya baada ya magharibi: "Baba, na sisi tutatazama lini?" Sikuwa na jibu. Tukaenda Agosti, mimi, mke wangu, na watoto wanne, katika gari la kukodi la ndugu mmoja.

Tulipofika Mackinnon Road adhuhuri ilikuwa imeingia, tukasali katika msikiti ulio kando ya reli, palipo na kaburi la Sayyid Baghali. Wasafiri wengi wa kwetu husimama pale, na husimuliwa hadithi za karai la kokoto lililokuwa likielea juu ya kichwa chake alipokuwa akifanya kazi ya reli. Niliwaambia wanangu maneno haya, nami nayarudia hapa: tumesimama kwa kuwa wakati wa sala umeingia, tumemuombea maiti rehema kama tunavyowaombea maiti wote wa Kiislamu, wala hatumwombi yeye chochote. Tukaendelea.

Tukalala Voi kwa jamaa zetu, na asubuhi mapema tukaingia Tsavo ya mashariki. Ndovu wa kule ni wekundu, kwa mchanga wa nchi ile wanaojirushia mgongoni. Tuliwakuta katika mto uliokauka, kundi la majike na watoto, kwani ndovu huongozwa na jike mkubwa, na madume wakibaleghe hujitenga. Jike mmoja alikuwa akichimba mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, kama mtu anayejua anachokitafuta. Maji yakatokea. Akanywa, akampisha mtoto. Tuliambiwa na askari wa mbuga kuwa wakiondoka wao huja nyani na ndege na wanyama wengine wasioweza kuchimba wakanywa katika mashimo hayo. Mama huyo humbeba mtoto tumboni miezi 22. Mke wangu, aliyezaa wanne, aliposikia hayo alisema, "Subhanallah," kisha hakusema tena kwa muda.

Mwanangu wa kiume, ambaye muda wote alikuwa akitazama kwa simu yake kuliko kwa macho yake, ndiye aliyeuliza: "Pembe zile zauzwa pesa ngapi?"

Hapo ndipo nilipotambua kuwa kutazama si jambo jepesi. Nilimwambia aizime simu, nikamweleza. Mji wetu ulikula pembe hizo. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka pwani yetu ikaenda bara kununua pembe, na watu wetu, Waislamu wenye kusali, walikuwa katika wakubwa wake. Pembe haina miguu. Ilichukuliwa mabegani mwa watu, na katika watu hao walikuwamo waliotekwa, wasiokwenda kwa khiyari yao. Hata baadaye, serikali ya kikoloni ilipowakamata wawindaji wa Kiwata wa Tsavo katika miaka ya 1956 na 1957, wakafungwa kwa kuua ndovu kwa mishale, wale hawakuwa wakizila pembe. Mnunuzi alikuwako, na njia ya mnunuzi ilishuka pwani. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000. Ilipofika 1989 walibakia wapata 16,000, na mwaka huo serikali ikazichoma tani 12 za pembe hadharani mjini Nairobi. Wako watu wazima katika mji huu wanaojua vizuri baadhi ya pembe za miaka ile zilipitia wapi. Mtume (S.A.W.) ametuambia khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka mmoja aliyemfungia bila ya chakula. Kijana akanitazama akauliza, "Na sisi?" Nikamwambia sijui hisabu ya Mwenyezi Mungu, lakini suali hilo ni bora kuliko lile la kwanza.

Siku ya pili tukaenda Tsavo ya magharibi, mpaka Mzima. Wengi wetu twalijua jina hilo kwa kuliona katika khabari za kukatika maji. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya majivu na mawe ya volkeno, na vilima vile havitoi hata kijito kimoja. Huyanywa maji yote. Hupita chini kwa chini, yakachujwa na mawe hayo meusi, yakaja kufoka Mzima, meupe hata wahesabu samaki. Mahali hapo mtu huruhusiwa kushuka garini akatembea pamoja na askari. Viboko wamo, na mamba wamo. Na kutoka chemchemi hiyo, tangu miaka ya 1950, liko bomba linalokwenda zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Si maji yote ya mji wetu, kwani yako ya Baricho, na ya Marere, na ya Tiwi. Lakini sehemu ya maji ya mifereji yetu hutoka pale.

Mke wangu alisimama ukingoni. Miaka ishirini ya ndoa yetu ameamka usiku wa manane kukinga maji katika mapipa, kwa kuwa mfereji hutoa saa ule tu. Akasema, "Kumbe ni hapa." Mimi nimesomesha mlango wa twahara tangu nilipokuwa kijana, aina za maji, lipi latwahirisha na lipi halitwahirishi, wala sikupata hata siku moja kujiuliza maji ya birika langu yatoka wapi.

Basi nasema sasa kuwa safari kama hii si israfu kwa yule mwenye uwezo, ambaye hana deni lililofika wakati wake, wala hakuwaacha wazee wake bila ya matumizi, na akachunga sala zake na sitara ya watu wake. Anayekopa dukani unga ili aende akapige picha za kuwaonyesha majirani, huyo neno langu la kwanza lingali lamfaa. Na sadaka ina mlango wake. Si haki kumwambia mtu kila anapotaka kuwafurahisha watoto wake kuwa yuko yatima. Mimi mwenyewe siambiwi hivyo ninaponunua vitabu.

Niliporudi nilikwenda nyumbani kwa yule bwana wa bandarini nikamtaka radhi. Akaniambia, "Sheikh, mimi nimekusamehe siku nyingi. Lakini mwende mama." Mamake, mwaka ule ule niliotoa jibu langu, alishikwa na maradhi ya macho, yale waganga wa hospitali wayaitayo presha ya jicho, na sasa hatambui ila mwangaza wa dirisha. Nikaingia, nikamwamkia, nikamwambia kuwa mimi ndimi niliyemzuilia safari yake, na kuwa nilikosea. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, kaa kitako. Nambie uliyoyaona."

Nikamwambia yote, tangu Mackinnon Road. Alitaka kujua ukubwa wa mtoto wa ndovu, nikamwonyesha kwa kumpandisha mkono wake hewani mpaka kimo chake. Nilipofika Mzima akanikatiza.

"Hao viboko, Sheikh, wamo mumo humo ndani ya maji?"

Nikamwambia wamo, na mamba pia.

"Basi mimi nimetawadha miaka sitini kwa maji ya viboko, na nyinyi mashekhe mwajua, hamtwambii!"

Nikamwambia kuwa sisi nasi hatukujua, lakini asiwe na wasiwasi, maji yale yamepita kulateni mara zisizo na hisabu, na maji yaliyofika kulateni hayanajisiki ila yakibadilika rangi, au utamu, au harufu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Mwanawe akasema kuwa mwezi wa Disemba, Mungu akipenda, atampeleka hivyo hivyo, akayasikie maji yakifoka. Bibi akamwita mjukuu wake amletee birika, kwani alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.