Aliyepona Arudi Wapi?

Wasomaji wetu wa Handeni na Korogwe, Lutindi, kule milima ya Usambara, mwaijua. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 iwe kimbilio la watoto waliookolewa utumwani; kisha, kabla ya vita vya 1914, ikapokea wenye wazimu. Wagonjwa wamelima chai huko, maana kazi nayo huliwaza akili.

Lakini mtu akipona, arudi wapi? Nyumbani alifungwa kamba. Shamba lake limekwisha gawanywa. Twasema twaogopa ukali wake. Je, si haya tu tunayoona? Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 yamhifadhi hospitalini. Kwetu haimtandikii mkeka. Tulimwona mmoja aliyeshuka na cheti cha daktari. Usiku wa kwanza alilazwa bandani, nasi majirani tukanyamaza.